Bioreakta: Matangi ya kufugia vijidudu na seli yanayotupa dawa na chanjo

WANARIADHA wa Kenya wanaporejea nyumbani na medali, aghalabu hulakiwa katika uwanja wa ndege kwa kibuyu cha mursik. Wengi wanaotazama tukio hilo kwenye runinga huona mila tu. Mtaalamu wa bioteknolojia huona pia chombo cha kazi.

Ndani ya kibuyu hicho maziwa yamekaa siku kadhaa yakichachushwa na bakteria wasioonekana kwa macho. Mama aliyeyatayarisha alikisugua chombo kwa ndani kwa kijinga cha moto cha mti maalumu, akamimina maziwa, akaziba mdomo na kukiweka mahali pasipo joto jingi. Kwa maneno mengine, alikitakasa chombo, akawapa vijidudu chakula, akawafungia nje wageni wasioalikwa na akadhibiti joto.

Kazi hizo nne ndizo zinazofanywa na mtambo uitwao bioreakta. Huu ni mtambo uliofungwa ambamo bakteria, hamira, ukungu au seli zilizotolewa katika mwili wa mnyama au mmea hukuzwa chini ya hali inayodhibitiwa, ili zizalishe kitu anachokihitaji binadamu. Pale ambapo mazao ni pombe au hamira, wafanyakazi huliita tu tangi la kuchachushia.

Kutoka katika matangi hayo hutoka insulini ya wagonjwa wa kisukari, viuavijasumu, chanjo nyingi za watu na za mifugo, vimeng'enya vinavyotiwa katika sabuni ya unga na asidi ya sitriki inayotia uchachu katika soda. Hata hivyo, chombo chenyewe hakitajwi sana. Habari zinapoandikwa kuhusu dawa mpya, sifa humwendea aliyegundua kijidudu au jeni. Ukweli ni kwamba mara nyingi ugunduzi umekaa miaka mingi bila kumfaa mgonjwa yeyote kwa sababu hapakuwa na tangi la kuuzalisha.

Tangi lenyewe

Bioreakta inayotumika zaidi duniani ni tangi la kukoroga. Ni pipa refu la chuma kisichoshika kutu, lililosimama wima, ambalo kimo chake huwa mara mbili au tatu ya upana wake. Katikati hupita mhimili unaozungushwa na mota, na juu ya mhimili huo mmefungwa mapanga ya kukorogea.

Ukutani kwa ndani hupachikwa vibamba vya chuma vilivyosimama wima. Bila vibamba hivyo, maji yote yangezunguka kwa pamoja kama chai inayokorogwa kikombeni, na vitu vilivyomo visichanganyike ipasavyo.

Chini kabisa kuna bomba lenye vitundu vingi linalopuliza hewa. Hewa hiyo hupitishwa kwanza katika kichujio chenye matundu madogo kiasi kwamba bakteria hawawezi kupenya. Ukutani kumepachikwa vitambuzi vinavyosoma joto, kiwango cha asidi na oksijeni iliyoyeyuka, vikiarifu kompyuta kila wakati.

Hewa ndiyo kichwa cha mambo yote. Sukari huyeyuka kwa wingi majini, gramu kwa mamia katika lita moja. Oksijeni haiyeyuki hivyo. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 30, hata ikijazwa hewa kadiri iwezekanavyo, hubeba chini ya miligramu 8 za oksijeni. Lita moja ya hewa ina takriban miligramu 270.

Sasa tuwaze bakteria waliosongamana katika tangi, ambao huweza kutumia gramu 5 za oksijeni kwa kila lita kwa saa. Akiba iliyo majini huwatosha kwa sekunde tano hivi. Baada ya hapo huanza kukabwa, na kiumbe aliyekabwa hubadilisha mienendo yake: baadhi ya bakteria huanza kutoa asidi zinazowadhuru wao wenyewe, na mazao hupungua.

Ndiyo maana hewa haina budi kupulizwa bila kukoma na mapanga kuipasua kuwa viputo vidogo vidogo. Viputo vikiwa vidogo, eneo linalogusana na maji huwa kubwa, nayo oksijeni huingia haraka. Msomaji aliyezoea stima kupotea bila taarifa ataelewa mara moja kwa nini kiwanda cha aina hii hakithubutu kutegemea nyaya za umeme pekee. Dakika chache za giza zaweza kuharibu kazi ya majuma mawili.

Kukoroga huko huzaa povu. Protini zilizomo katika mchanganyiko hutoa povu kama la sabuni, likapanda hadi kwenye kichujio cha kutolea hewa na kukilowesha. Wataalamu hutia matone ya mafuta ili kulituliza, lakini mafuta hayo huungaunga viputo vya hewa na kuipunguza oksijeni iliyokuwa ikitafutwa. Kwa hivyo povu huishi likivutaniwa pande mbili, na kila kiwanda kina njia yake ya kulimudu.

Fauka ya hayo, viumbe hutoa joto wanapokula. Katika chupa ya maabara joto hilo hupotea lenyewe kupitia kuta. Tangi likikua, hali hubadilika, kwa sababu ujazo huongezeka kwa kasi kuliko eneo la kuta. Ukitoka katika chombo cha lita 1 hadi cha lita 10,000 chenye umbo lile lile, eneo la ukuta kwa kila lita hupungua zaidi ya mara 20. Basi huhitajika mabomba ya maji baridi yaliyozungushwa nje ya tangi au kuviringishwa ndani yake.

Hapa ndipo watafiti wengi wamekwama. Kijidudu kilichonawiri katika chupa hudhoofika katika tangi kubwa, kwa kuwa tangi kubwa si chupa iliyotanuliwa. Karibu na bomba la sukari kuna shibe kupita kiasi, mbali nalo kuna njaa. Chini kuna hewa tele, juu ni haba. Seli moja huzungushwa kutoka shibe hadi njaa kila baada ya dakika chache.

Kutoka sahani za wagonjwa hadi Brooklyn

Hakuna kisa kinachoonyesha thamani ya tangi kuliko kile cha penisilini.

Alexander Fleming aliona kazi ya ukungu huo jijini London mwaka wa 1928. Zaidi ya miaka kumi ilipita kabla ya kundi la Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley katika Chuo Kikuu cha Oxford kuutoa mchanganyiko uliofaa kudungwa mgonjwa. Tatizo lao halikuwa elimu, walikosa vyombo.

Ukungu ule ulikuwa ukiota juu ya uso wa maji tu, kama utando. Ili kupata mwingi, ilibidi kutafuta nyuso nyingi. Walijaribu makopo ya biskuti, vyombo vya maziwa na hata vyombo vya kujisaidia wagonjwa vitandani. Hivi vya mwisho vilifaa kuliko vingine, na Heatley akachora chombo cha udongo wa kuchoma kwa kuiga umbo lake, kikatengenezwa na wafinyanzi wa Staffordshire.

Mnamo Februari 1941 walimdunga askari polisi mmoja aliyekuwa akifa kwa maambukizi. Alianza kupata nafuu. Dawa ilikuwa haba kiasi kwamba mkojo wake ulikusanywa na penisilini iliyokuwamo ikatolewa ili adungwe tena. Iliisha kabla ya ugonjwa kuisha, naye akafariki mwezi uliofuata. Walijua dawa, walijua kipimo, walimwona mgonjwa akifufuka, ila hawakuwa na chombo cha kuwatolea gramu chache zaidi.

Mwaka huo huo Florey na Heatley walivuka bahari hadi Marekani. Katika maabara ya serikali mjini Peoria, jimbo la Illinois, iligunduliwa kwamba maji yaliyolowekewa mahindi viwandani, ambayo yalikuwa takataka ya kutengeneza wanga, yaliuongeza mno uzalishaji. Mwaka wa 1943, ukungu uliotolewa katika tikiti lililooza kutoka soko la mji huo ukaonekana kuzalisha vizuri hata ukizamishwa majini.

Neno kuzamishwa ndilo ufunguo. Maadamu ukungu uliweza kuishi ndani ya maji badala ya juu yake, tangi zima lingeweza kutumika, si uso wake pekee, mradi tu hewa safi ingefikishwa humo ndani.

Kampuni ya Pfizer ya Brooklyn, New York, ilikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kutengeneza asidi ya sitriki kwa kutumia ukungu. Ilinunua kiwanda cha zamani cha barafu, ikaweka matangi 14, kila moja la takriban lita 28,000, na kuanza kazi Machi 1, 1944. Miezi mitatu baadaye majeshi ya washirika yalitua Normandy yakiwa na penisilini ya kutosha majeruhi wao.

Ni vyema pia kumtaja Margaret Hutchinson Rousseau, mhandisi wa kemikali Mmarekani aliyesanifu mojawapo ya viwanda vya kwanza vya kuzalisha penisilini kwa wingi. Fleming, Florey na Chain walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945. Wahandisi wa matangi hawakutajwa.

Kulisha kwa kijiko

Chakula cha vijidudu nacho kina adabu yake. Hamira ya mkate ikipewa sukari nyingi kwa mkupuo, hutengeneza pombe hata pale hewa inapokuwapo. Mwenye kiwanda cha bia hufurahi. Anayetaka kuuza hamira yenyewe hupata hasara, kwa kuwa sukari yake imegeuka kileo badala ya kuwa mwili wa hamira.

Mapema katika karne ya 20 watengenezaji wa hamira barani Ulaya walipata dawa ya tatizo hilo. Badala ya kumwaga sukari yote mwanzoni, waliidondosha kidogo kidogo kulingana na mwendo wa ulaji. Mbinu hiyo ya kulisha kwa kijiko ndiyo inayotumika hadi leo kuzalisha insulini na dawa nyingine nyingi.

Nchini Kenya, kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company cha Muhoroni kilijengwa karibu na mashamba ya miwa ili kutumia molasi kutengeneza spiriti na hamira. Ni mazao mawili ya kiumbe kimoja, yakitenganishwa kwa kiasi kikubwa na hewa na jinsi ya kulisha.

Mgeni asiyealikwa

Kabla ya kuanza, tangi lote hupashwa mvuke wenye joto la nyuzi 121 ukiwa chini ya shinikizo, ili kila kilicho hai kife. Kila bomba, kila vali na kila kiungo hupitishiwa mvuke huo. Pembe moja iliyobakisha maji baridi yatosha kuleta maafa.

Hesabu yake ni rahisi. Baadhi ya bakteria hugawanyika kila baada ya dakika 20. Mmoja akiingia katika tangi lenye chakula tele, baada ya saa kumi wazao wake wanaweza kupita bilioni moja. Seli za wanyama zinazotumiwa kutengenezea dawa huchukua takriban siku nzima kugawanyika mara moja. Katika mashindano hayo, seli hazina matumaini.

Virusi ni adui mbaya zaidi kwa sababu hupenya vichujio vya bakteria. Mwezi Juni 2009, kiwanda cha kampuni ya Genzyme huko Allston, Boston, kilisimamisha kazi baada ya virusi vinavyojulikana kama Vesivirus 2117 kupatikana katika bioreakta zake. Virusi hivyo havikujulikana kuwadhuru binadamu, ila vilidumaza seli.

Kiwanda hicho kilikuwa kikitengeneza dawa za magonjwa mawili adimu ya kurithi, Gaucher na Fabry. Matangi yakaoshwa na kutakaswa, huku wagonjwa katika nchi mbalimbali wakipunguziwa dozi au kuzikosa kwa miezi mingi. Hapakuwa na kiwanda kingine cha kampuni hiyo kilichoweza kuziba pengo mara moja.

Seli za wanyama

Insulini ya kwanza ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria waliobadilishwa jeni iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1982. Kabla ya hapo ilikuwa ikitolewa katika kongosho za nguruwe na ng'ombe waliochinjwa. Hata hivyo, bakteria hawawezi kutengeneza kila protini. Nyingine ni kubwa na zimepambwa kwa minyororo ya sukari ambayo ni seli za wanyama pekee zinazojua kuipachika ipasavyo. Kwa kazi hiyo hutumiwa sana seli zilizotoka katika ovari za hamsta wa China, mnyama wa jamii ya panya.

Seli hizi hazina ukuta mgumu kama wa bakteria. Kiputo cha hewa kinachopasuka juu ya maji huweza kuzirarua. Kwa hiyo tangi lake hukorogwa taratibu, hewa hupulizwa kwa uangalifu na chakula chake ni ghali.

Kuna nyingine zinazokataa kuelea. Seli za Vero, zilizotolewa katika figo za nyani mdogo wa jamii ya tumbili na watafiti wa Japan mwaka wa 1962, hutaka kushikilia kitu ndipo zikue. Zamani zilikuzwa katika chupa zilizolazwa na kuviringishwa polepole, maelfu kwa maelfu. Mwaka wa 1967 Mholanzi A. L. van Wezel alionyesha kwamba zaweza kupandwa juu ya vishanga vidogo vinavyoelea ndani ya tangi. Kijiko cha vishanga hivyo kina nyuso nyingi sana za kushikilia. Chanjo za polio na za kichaa cha mbwa zimetengenezwa kwa njia hiyo.

Siku hizi viwanda vingi vimeacha chuma kwa kazi za kiasi na kuchukua mifuko ya plastiki iliyotakaswa tayari, ya hadi lita 2,000, inayotumiwa mara moja na kutupwa. Kazi ya kuosha na kupasha mvuke hupungua sana. Taka za plastiki nazo huongezeka, na anayeitumia hubaki akimtegemea mwenye kuuza mifuko, jambo lililoonekana wazi wakati wa janga la Covid-19 mifuko hiyo ilipoadimika.

Ulimi wa ng'ombe na tangi la Embakasi

Kwa mfugaji wa Kenya, bioreakta si jambo la mbali. Ugonjwa wa miguu na midomo huwapata ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Si mara nyingi huua wanyama wakubwa, lakini hukausha maziwa, huua ndama na hufunga minada pamoja na masoko ya nje.

Chanjo yake huhitaji virusi vyenyewe kwa wingi, vikuzwe kisha viuliwe. Virusi havikui katika sukari. Huhitaji seli hai. Mnamo miaka ya 1940, Mholanzi Herman Frenkel alivikuza katika vipande vya ngozi ya ndimi za ng'ombe zilizotoka machinjioni. Njia hiyo ilifaulu, lakini kiwanda kilitegemea ndimi mbichi kila siku ya kazi.

Mwaka wa 1961 watafiti wa Glasgow walipata seli kutoka figo za vitoto vya hamsta, zikapewa jina la BHK-21. Punde si punde, wenzao wa Pirbright, kusini mwa Uingereza, wakazizoesha kuelea katika tangi. Tangu hapo chanjo ya ugonjwa huu ikawa kazi ya matangi.

Seli hukuzwa hadi zikajaa, virusi vikatiwa, na kwa muda wa siku moja hivi seli zote zikapasuka na kumwaga virusi vipya. Mchanganyiko huchujwa, virusi huuliwa kwa kemikali, hupimwa tena na tena kuhakikisha hakuna kilicho hai, ndipo huchanganywa na viungo vya kuiamsha kinga ya mnyama.

Nchini Kenya kazi hii hufanywa na taasisi ya serikali ya kutengeneza chanjo za mifugo, KEVEVAPI, iliyo na maabara ya ugonjwa huo huko Embakasi, Nairobi. Umuhimu wa kuwa na tangi karibu unaonekana katika tabia ya virusi vyenyewe. Vipo vya aina mbalimbali, na katika Kenya zinazojulikana zaidi ni O, A, SAT1 na SAT2. Chanjo ya aina moja haimkingi mnyama dhidi ya nyingine, na hata ndani ya aina moja virusi hubadilika. Chanjo iliyotengenezwa kwa virusi vya bara jingine yaweza kufika kwa meli, ikahifadhiwa vizuri barafuni, ikadungwa ipasavyo na bado isimfae ng'ombe wa Narok. Isitoshe, kinga yake huisha baada ya miezi michache, hivyo sindano lazima irudiwe.

Lakini tangi la virusi hai lina hatari yake. Mwezi Agosti 2007 ugonjwa huo ulizuka katika mashamba ya Surrey, Uingereza. Uchunguzi ulionyesha kwamba virusi vilikuwa vya maabara, vya aina iliyokuwa ikitumiwa katika eneo la Pirbright, ambako maabara ya serikali na kampuni ya kutengeneza chanjo zilikuwa jirani. Wachunguzi walihitimisha kwamba kuna uwezekano mkubwa virusi vilivuja kupitia mabomba chakavu ya majitaka, vikachukuliwa na matope ya magari yaliyokuwa kwenye ujenzi. Tangi halikupasuka. Kilichosahauliwa ni bomba lililokuwa chini ya ardhi.

Aidha, si kila kiumbe hukubali kufugwa katika tangi. Vimelea vinavyosababisha ndigana kali, ugonjwa unaoua ndama wengi Afrika Mashariki, hufikia hatua ya kuambukiza ndani ya kupe. Kwa sababu hiyo chanjo yake, iliyobuniwa Muguga, hutengenezwa kwa kuwalisha kupe damu ya ng'ombe aliyeambukizwa, kisha juu ya sungura, halafu kuwasaga na kuyagandisha mazao katika naitrojeni ya maji. Kupe ndiye bioreakta. Ni kazi ya kuchosha, na mpaka sasa tangi la chuma halijaweza kuchukua nafasi yake.

Tangi lapambana na shamba

Kuna upande mwingine ambao wakulima wanaujua. Miaka ya 2000, dawa mseto za malaria zilipoanza kuenea, wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda walihimizwa kupanda artemisia, mmea unaotoa artemisinini. Bei ilipanda na kushuka kama mawimbi.

Wakati huo huo, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakiongozwa na Jay Keasling, walikuwa wakiipachika hamira jeni za mmea huo. Ilipofika mwaka wa 2013 hamira iliweza kutoa gramu 25 za asidi ya artemisini kwa kila lita, na kampuni ya Sanofi ikaanza kuigeuza kuwa dawa katika kiwanda chake cha Garessio, Italia.

Wengi walibashiri kwamba mkulima amekwisha. Mambo yakageuka. Mavuno ya mashambani yaliongezeka, bei ikaanguka hadi chini ya dola 250 kwa kilo, ilhali ile ya tangi ilihitaji kuuzwa kwa dola 350 hadi 400. Mwaka wa 2015 Sanofi haikutengeneza hata kilo moja kwa njia hiyo. Sayansi yake haikuwa na kasoro. Jua na mvua havina bili ya umeme.

Kujaza chupa si kukuza chanjo

Wakati wa Covid-19, mataifa ya Afrika yalingoja foleni. Ilisemwa mara nyingi kwamba bara hili huagiza takriban asilimia 99 ya chanjo zake, na mwaka wa 2021 Umoja wa Afrika ukajiwekea lengo la kutengeneza asilimia 60 ya mahitaji yake ifikapo 2040.

Hapa msomaji anapaswa kutofautisha mambo mawili ambayo matangazo ya viwanda huyachanganya. Kazi ya kwanza ni kukuza chanjo yenyewe katika bioreakta na kuisafisha. Ya pili ni kuipokea ikiwa tayari katika mapipa, kuigawa katika chupa ndogo, kuzifunga na kuzibandika majina. Kazi hii ya pili nayo huhitaji usafi wa hali ya juu na si ya kudharauliwa. Hata hivyo, nchi inayojaza chupa tu hungoja pipa kutoka ng'ambo, na pipa lisipofika, mashine za kujaza husimama.

Chanjo za aina ya mRNA zilionekana kama njia ya mkato, kwa sababu hatua yake kuu hufanywa na vimeng'enya bila kukuza seli. Lakini hata hizo huanza katika tangi, kwa maana kiolezo chake cha DNA hukuzwa ndani ya bakteria. Mnamo Machi 2022 Kenya ilitangaza makubaliano na kampuni ya Moderna ya kujenga kiwanda cha aina hiyo nchini. Aprili 2024 kampuni hiyo ilisema imesitisha mpango huo, ikitaja kupungua kwa mahitaji ya chanjo za Covid-19 barani Afrika.

Tangi laweza kununuliwa na kuletwa kwa meli hadi Mombasa. Anayejua sauti ya mota ikianza kuchoka, harufu ya tangi lililoingiliwa na rangi ya povu lisilo la kawaida hapatikani kwa zabuni. Pfizer iliwatoa watu wake katika matangi ya asidi ya sitriki. Nchini Kenya, waliozoea kuishi na matangi makubwa hutoka Ruaraka, ambako bia imetengenezwa tangu 1922, katika molasi ya Muhoroni, na katika maabara ya Embakasi. Ingawa bia husamehe makosa mengi ambayo chanjo haiyasamehi.